Shemeji Analinda Pikapu

Jumapili, 2 Agosti 1992
Matanga ya Ezekieli yameisha juzi tu, kaka yake keshajipa kazi ya ulinzi! Amosi kaja kutoka kanisani na mnyororo wa ng'ombe. Nikampa shikamoo yake. Ati wezi wa magari wamejaa, na gari la mjane ndilo wanaloanza nalo. Hapa Iramba? Wataipitisha wapi pikapu, na kila mtu anaijua? Akafunga usukani kwa kufuli la ghala. Ufunguo mfukoni mwake.

Jumanne, 4 Agosti
Nimepakia unga na mitumba ya kuuza machimboni Sekenke tangu alfajiri. Mlinzi hayupo — kaenda kunyoa! Nimengoja mpaka saa nne. Marehemu alinifundisha kuendesha, miaka minne nashuka mlima wa Sekenke mwenyewe, leo naomba ruhusa ya kushika usukani. Bila pikapu hii watoto wangu wanne watakula nini? Mnyororo?

Ijumaa, 7 Agosti
Kachukua betri. Ikalale kwake, kuna mbwa. Namjua mbwa huyo, hana jino. Safari hakuna.

Jumatatu, 10 Agosti
Leo kadi ya gari. Bado ina jina la Ezekieli. Akasema sanduku lake lina kufuli, langu lina mende. Mkewe Raheli alikuwepo, kainamisha kichwa muda wote. Nikampa. Kwa mikono miwili! Namcheka mtu wiki nzima, kumbe mjinga ni mimi.

Jumatano, 12 Agosti
Jirani yangu Stumai kaleta habari za sokoni: Amosi kapata mteja wa pikapu kutoka Singida mjini. Anakuja Jumamosi kuichukua. Haya! Wezi wamejaa kweli, na mmoja ni mzee wa kanisa. Sikulia. Nikafungua boneti, nikang'oa rota — kijidude cha ndani ya distributa, kinaenea kiganjani. Bila hicho injini haiwaki hata uiombee mkesha mzima. Nikafunga boneti, nikaenda kuchambua maharage.

Jumamosi, 15 Agosti
Wamefika saa tatu: Amosi, Raheli na mteja. Betri imerudi, mnyororo umefunguliwa, salamu tamu kama asali. Injini ikakoroma, ikakoroma, wapi! Mteja akachungulia, akasema rota haipo. Amosi akanigeukia. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba iko chumbani kwangu, chini ya mto, akachukue. Nikatangulia, nikakaa kitandani. Ndipo ninapoandikia.

Maana siku ya kumaliza matanga alisimama mbele ya ukoo mzima akakataa kunirithi. Ati yeye mzee wa kanisa, ana mke mmoja, mjane na watoto wake wajitafutie. Sawa. Lakini kwetu shemeji akivuka pazia la chumba cha mjane, amemrithi. Hakuna kikao. Mimi na wanne wangu tutakuwa mzigo wake mpaka kufa, na kanisani atavuliwa uzee.

"Karibu, shemeji, ingia tu," nimemwambia.

Naona viatu vyake chini ya pazia, vina vumbi la uani. Mteja anauliza kuna nini. Sasa vidole vya Amosi vimeshika ukingo wa pazia.

Raheli kasogea nyuma ya mumewe. Hajapandisha sauti hata kidogo.

"Baba Peniel, ingia basi. Tukuone."