Kitabu Nilimokuchora Ukicheza

Kwako Baba,

Kitabu kimetoka. Ni chembamba, kurasa kumi na sita tu, picha kubwa na maneno machache, na wewe umo kuanzia kwenye jalada: umevaa kaptura yako ya kaki, jembe liko hewani, mdomo wazi. Masikio nimeyakuza kidogo. Utanisamehe, watoto wanapenda masikio.

Kilianzia darasani kwangu hapa Magamba. Nafundisha darasa la pili, na kabatini tuna vitabu vya hadithi tulivyoletewa kama msaada. Kimoja ni cha binti wa nchi ya mbali anayeota kuwa mchezaji. Anavaa viatu vya utepe, anasimama kwa ncha za vidole, mwisho anapigiwa makofi. Nilikisoma kwa mbwembwe zote. Nilipomaliza, mtoto mmoja wa Kisukuma akauliza, "Mwalimu, mbona hana jembe?" Nilicheka mpaka nikakaa. Halafu nikakukumbuka wewe, na kicheko kikakatika.

Unakumbuka tulipohamia Kakese na ng'ombe wetu? Msimu wa kulima kundi lenu lilikwenda shamba kwa shamba, ngoma inapigwa pembeni, nyinyi mnalima kwa mstari. Ukifika mwisho wa tuta unalirusha jembe juu, unajizungusha, unalidaka mpini. Mimi nilikuwa nyuma yako na fimbo, ndiyo jembe langu. "Mayu," uliniita hivyo, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yako, "usilikodolee macho jembe, utaanguka. We fuata ngoma." Nilitaka kuwa kama wewe. Sikutaka kitu kingine chochote.

Kisha wewe na Mama mkaanza mafundisho ya ndoa, na katekista akakukataza ngoma za mashindano kwa sababu ya zile dawa za kuvuta watazamaji. Jumapili moja, kwenye mafundisho yetu ya Komunyo ya kwanza, akatuuliza watoto: nani baba yake bado anacheza? Baba, nilinyoosha mkono hata hajamaliza swali. Nilidhani anatafuta wa kumsifu. Nikasimama nikaeleza yote, mpaka ulivyolidaka jembe juzi yake watu wakapiga vigelegele.

Ndoa yenu ikasogezwa mbele. Nawe hukucheza tena. Watu wakikuuliza unajibu, "Kanisa limenikataza," unatazama chini, na mimi natamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaitupa fimbo yangu. Nilijipa adhabu mwenyewe: kama umeacha kwa ajili ya mdomo wangu, basi nami sitacheza maisha yangu yote. Tukakuzika sijakuambia.

Ndiyo maana kitabu kilikwama ukurasa wa mwisho. Mchapishaji aliniuliza mara tatu: huyu baba aliacha kucheza kwa nini? Kudanganya watoto sikuweza, na kuandika ukweli nilishindwa. Mwezi uliopita nikapanda bodaboda hadi Kakese, nikamkuta Mama anapepeta mchele, nikamweleza yote huku nalia kama mtoto wa chekechea.

Mama akaweka ungo chini. "Katekista gani tena? Baba yako goti ndo lilimshinda. Lilivimba hivi! Akaniambia nisiseme, wenzake wasije wakamcheka kazeeka."

"Na ndoa?"

"Si tulifunga baada ya mavuno? We mwenyewe ulikula wali mpaka ukatapika."

Na kuhusu ule mkono wangu, kumbe ulijua siku ileile. Mama anasema ulijisifu siku mbili nzima kwamba binti yako amekutangaza kanisani.

Goti, Baba! Miaka yote hii! Ulijificha nyuma ya katekista wa watu kwa kuona aibu ya goti, nami nikabeba dhambi ambayo haikuwepo. Nilikasirika, sitakuficha. Kisha Mama akaanza kucheka, nami nikacheka, na nilipovuta pumzi ikaingia yote. Sijui nikuelezeje. Nimepona.

Ukurasa wa mwisho niliuchora kesho yake. Umekaa kwenye kigoda, goti limefungwa kitambaa, unapiga makofi. Binti ndiye amelirusha jembe. Maneno ni haya tu: "Baba anaumwa goti. Leo nacheza mimi." Sasa darasa la pili zima linajua siri yako, na ndivyo nilivyolipiza.

Jumamosi nilikisoma Kakese, palepale shambani, mbele ya watoto na wazazi wao. Ngoma ilipoanza nikaazima jembe. Mara ya kwanza lilinidondoka, watu wakaguna. Mara ya pili nikalidaka. Nimenenepa, Baba, jasho lilinitoka na sketi ikachanika pembeni, lakini nilicheza mpaka mpiga ngoma akachoka, na sikugeuka hata mara moja kuangalia ni nani atakwenda kusema.

Pumzika salama, wewe na goti lako.

Ni mimi,
Binti yako