Saloni Mpya na Mlango wa Mama

Kamina, Jumamosi, Septemba 1954

Jua kali tangu asubuhi. Mawingu yanakusanyika upande wa Bukama, lakini mvua haina haraka. Mikono yangu ina udongo hadi viwikoni, naandika hivyo hivyo, maana nikingoja kunawa nitasahau nusu ya mambo.

Leo Mama amekuja kuitazama nyumba.

Ni nyumba ya babu yangu, aliyeijenga kwa matofali ya udongo wakati reli haijafika hapa. Mama alizaliwa humo, akarudi humo alipofiwa na baba. Nilipoolewa na Anselme tukakaa naye. Majirani walisema haiwezekani, mtu na mama mkwe wake chini ya paa moja! Lakini nyumba ilikuwa na milango miwili, wa mbele wa Anselme na wa nyuma wa Mama. Walisalimiana kupitia kwangu, wala hakuna aliyewahi kumwona mwenzake akila. Hiyo ndiyo heshima yetu sisi Baluba, na tuliishi vizuri.

Anselme huchora ramani katika ofisi ya reli, na nyumba hii ameichora kisasa kweli. Amevunja vyumba vya katikati, tukapata saloni moja pana ya kuketi na kupokea wageni, kabati ndani ya ukuta, na upande wa jikoni dirisha kubwa la kioo. Kuta ni zile zile za babu. Tumezikandika upya kwa udongo wa kichuguu. Nyasi za paa ni mpya, zimekatwa sawasawa kama nywele za bwana harusi.

Sifichi: naipenda saloni hii mno.

Mama, aliyekuwa akilala kwa jirani muda wote wa kazi, aliizunguka nyumba. Akaizunguka tena. Kisha akaniita, mgongo wake ukiwa kwa Anselme kama inavyotakiwa.

"Mulango yangu iko wapi?"

Nikautazama ukuta wa nyuma. Anselme aliuziba mlango wa nyuma ili ukuta unyooke, nami sikuona kosa kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye dirisha. Baluba wawili wazima tumemjengea mama mkwe nyumba ya mlango mmoja. Majuto ni mjukuu, nasi tulikuwa tumeshampata.

"Umuambie bwana yako," akasema Mama, na Anselme amesimama pale pale anasikia kila neno, "nyumba iko muzuri. Lakini minyi siwezi kupita mbele ya muko wangu, bwana ya mutoto yangu, na sahani mu mukono. Nitaenda kwa ndugu yangu, kule Kinkondja."

"Umuambie mama angoje kidogo," Anselme akajibu, akitazama chini.

Sikupeleka ujumbe wowote. Niliogopa. Mama akienda kukaa na wakausha samaki kule ziwani, nitamwona lini? Na saloni itanifaa nini bila yeye?

Anselme akaingia ndani. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anaking'oa kioo chake, kile alichokipokea stesheni na kukibeba mwenyewe mikononi kama mtoto mchanga. Akashika sururu, akabomoa ukuta chini ya dirisha hadi sakafuni. Dirisha likawa mlango.

Nilimpenda upya, na ninaandika hivyo bila haya.

Lakini mlango ule uliingia katikati ya saloni. Basi nikaenda mwenyewe kutafuta matete, tukafuma ukuta mwepesi, tukaigawa saloni yangu, nusu yenye mlango mpya ikawa ya Mama. Mama alikunja kitenge chake, akapiga magoti, akaanza kukanda udongo wa kingo za mlango. Anselme alikandika upande wa ndani, Mama upande wa nje, mimi nikiwapelekea udongo, wao hawakutazamana hata kidogo, na ukingo umetoka laini ajabu.

Jioni Mama aliingiza mkeka wake, kisha akasema kutoka nyuma ya matete:

"Umutumie ndugu yangu habari. Samaki alete hapa. Minyi siendi tena."

Saloni imebaki nusu, na furaha niliyo nayo haina pa kukaa.

Sasa hivi Anselme amekohoa, kujulisha kwamba anaketi kula. Mama naye amekohoa kumjibu. Naacha kuandika, wasije wakamaliza mazungumzo bila mimi.