Baraza Yangu ya Kizanzibari

Jumamosi, Mbozi

Eti baraza ya nje, na mito ya kuegemea ya rangi ya bahari! Kwa baridi hii ya Mbozi! Nilitazama picha za baraza za Zanzibar kwenye simu mpaka nikajiona mbunifu. Tangu fundi amalize kunijengea yangu, kila mgeni anakimbilia jikoni, kwenye moto.

Leo asubuhi mama alikuja kuiona. Akapapasa sakafu, akatabasamu. Kichwa kikanivimba.

"Mwanangu, umefikiria mbali," akasema. "Sasa kahawa tutaanika pazuri."

Niliporudi kutoka sokoni, kahawa ilikuwa imetanda baraza nzima. Majirani wamekaa pembeni juani, wanachambua na kucheka. Mama akanisogezea mto.

"Kaa, chambua."

Nikakaa. Kusema kweli, hata mimi nilikuwa sijawahi kukaa pale.