Mama, Ule Mtihani Sikuufaulu

Shikamoo, Mama.

Uliondoka ukiamini jambo ambalo halikuwa kweli, na aliyekuaminisha ni mimi.

Siku matokeo ya mtihani wa kujiunga na uzamili yalipotoka nilikuwa kazini, huku mjini, kwenye maabara ya Sekei. Alama zilikuwa chini mno. Hesabu ziliniangusha. Ukapiga simu kabla sijafuta machozi: "Enhe, mwanangu, vipi?" Nikasema, "Nimefaulu, Mama." Ulipiga kigelegele mpaka nikaitoa simu sikioni. Nilidhani nitarudia kimyakimya, nipate, na uongo ujifie wenyewe.

Jumapili yake ukasimama kanisani pale Kikwe, ukatoa shukrani. Kila nilipokuja nyumbani uliuliza chuo kinafunguliwa lini, nami nikajibu, "Bado wanapanga." Miezi mitatu hivyo. Kisha presha ikakuangusha shambani, katikati ya maharage, na hukuamka tena.

Msibani mwenyekiti wa umoja wa wanawake alisema umekufa na raha yako, maana binti yako anakwenda kusoma uzamili. Watu wakaitikia amina. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Nimerudia, Mama. Nilifanya maswali asubuhi kabla ya zamu. Saa ya chakula Mwanaidi, tunayefanya naye kazi, alinishikia sampuli zangu nikajifungia stoo nusu saa. Yeye ndiye aliyeona tatizo: "Wewe husomi swali, unalikimbilia." Nikaanza kuandika kila kosa na sababu yake kwenye daftari. Kuna siku nililia kwa ajili ya swali la asilimia, mtu mzima mimi. Nikapangusa uso, nikarudi kwenye hadubini, maana damu za watu hazisubiri.

Wiki iliyopita matokeo yalitoka. Alama zimepanda, zinatosha kuomba nafasi. Mwanaidi alinikumbatia. Nikamwomba aniache kidogo.

Jumamosi nikaenda Kikwe. Nilimkuta Baba akifungulia mahindi maji ya mfereji. Nikamweleza yote, nikaanza na ule uongo. Aliegemea jembe.

"Angekupenda hata na sifuri yako," akasema.

Halafu, bila kunitazama: "Ungemwambia tu."

Akaendelea kuelekeza maji. Wakati wa chakula aliomba chumvi tu.

Nilipita kaburini, sauti ikagoma. Ndiyo maana naandika. Sijui kama marehemu husamehe. Nakuomba tu.

Maombi nimeshatuma, majibu ya chuo bado. Yakija mabaya, Baba atayasikia siku hiyohiyo, kutoka kinywani mwangu, jinsi yalivyo. Hilo nakuahidi, kwa kuwa lile la kukuambia wewe limenipita.

Lala, Mama.

Mwanao,
Elinami