Matango Mwitu ya Bi Mwanahawa

Jumatatu, 3 Mei 1943. Mtoni

Nimeokota wadudu tangu kulipopambazuka. Umande ukiwapo wanakuwa wazito, hawaruki. Wadogo, rangi ya chungwa, wanang'aa. Nawatia kwenye kopo la maji na majivu. Maboga yangu yana majani manne manne tu na tayari yametobolewa.

Tabitha kaniuliza lini tutapika majani ya maboga. Nikamwambia karibu.

Jumanne, 4 Mei

Barua ya shemeji Petro kutoka Tabora. Anakuja juma lijalo. Kasikia mjini hakuna chakula, na mdogo wake yuko vitani, basi atamchukua Tabitha akakae kwao mpaka baba yake arudi. Isipokuwa akikuta naweza kumlisha. Ndivyo alivyoandika. Kumlisha! Kana kwamba mwanangu anakula mchanga.

Ana miaka sita. Sina mwingine. Unga wa kadi ya mgao haumalizi juma, kilichobaki ni hii bustani. Tabitha haendi.

Alhamisi, 6 Mei

Nimegundua wanakotoka. Nyuma ya choo cha Bi Mwanahawa, mwenye nyumba wetu, matango mwitu yametambaa ua mzima. Machungu, hata mbuzi hawali. Wadudu wamejaa humo kama wako harusini. Nimemwomba ayafyeke. Akasema, "Yaache, mwanangu. Yana kazi yake."

Kazi gani? Bibi mkaidi. Nimekasirika.

Ijumaa, 7 Mei

Bi Mwanahawa kaenda matanga Mbagala. Nikachukua panga. Nimefyeka yote, nikang'oa na mizizi, nikachoma. Mchana nimelala kwa raha, mara ya kwanza mwezi huu.

Jumamosi, 8 Mei

Mungu wangu.

Wamehamia kwangu wote. Jani moja wadudu kumi, ishirini. Nimemwaga majivu, nimewapiga kwa kanga, nimepiga kelele mpaka majirani wakatoka kunitazama. Wanaruka, wanatua palepale.

Jumapili, 9 Mei

Sikwenda kanisani. Vimebaki vikonyo.

Bi Mwanahawa karudi. Akatazama ua wake, akatazama bustani yangu. Nilimpa shikamoo bila kuinua uso.

"Marahaba. Wale walikuwa na chakula chao, mwanangu. Umewanyang'anya, ndo wamekuja kula chako."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kwa nini hakunieleza toka mwanzo? Lakini nilimwuliza? Sikumwuliza. Mie niliyesoma misheni, mie najua kila kitu.

Jumanne, 11 Mei

Nimepanda mbegu zilizobaki. Upumbavu mtupu, shemeji anafika kesho. Nimezunguka Mtoni nzima kuomba mboga, watu wananionyesha vyungu vitupu. Jioni uji mwepesi. Tabitha kalamba bakuli, halafu kalamba la kwangu. Nimemchukia kila mtu leo, na kwanza mwenyewe.

Jumatano, 12 Mei

Shemeji kafika. Bustani kaiona, akaomba maji. Alipokwisha kunywa maji akamwuliza Tabitha siku hizi anakula nini.

Mtoto akajibu upesi, bila kunitazama: "Jana tulikula majani ya maboga ya nazi, Baba Mkubwa. Nikashiba mpaka nikasaza."

Hakufundishwa na mtu. Kakaa wima kwenye mkeka, mikono magotini, anamtazama baba yake mkubwa usoni. Tumbo lake likanguruma, tukalisikia sote. Hakupepesa macho.

Shemeji akainamisha kichwa. Alikuwa anataka kuukubali uongo ule, nilimwona. Si mtu mbaya.

Nikasema mwenyewe. Jana hakula majani yoyote. Mchukue.

Tabitha hajasema nami tangu hapo.

Ijumaa, 14 Mei

Mvua kutwa. Sijatoka.

Gari la moshi liliondoka jana. Kama halikuchelewa njiani, wamefika Tabora. Atakuwa ameshakula.