Samaki Anamucheka Mamba

Jumatatu, tarehe 3 Februari
Pampas ya tatu leo, na saa ine ya asubuhi haijafika. Wiki ya saba tangu wanikate prostate, ile tezi ya wanaume, kule Lusaka. Kansa imetoka, dokta anasema. Mukojo nao unatoka, bila kuniomba ruhusa. Ziwa limefungwa mupaka mwezi wa tatu, hakuna kuvua, basi wanaume wa Kashikishi hawana kazi, wanakuja kunitazama. Wajinga. Nimewaambia ni hernia, ngiri. Kila mutu ana dawa ya hernia. Mumoja ameniletea mizizi. Nimemushukuru, nimeitupa chooni.

Jumatano, tarehe 5
Kliniki. Nesi, mutoto wa juzi, amenifundisha kukaza huku chini, hesabu tano, achia, tena. Miaka sitini na ine, ninasoma kukojoa. Akanigombeza sababu nimeacha kunywa maji. Nilifikiri nisipokunywa sitavuja. Kumbe mukojo unakuwa mukali, unachoma, unanuka zaidi. Akili kubwa hiyo! Na uanaume wenyewe umelala. Nesi anasema labda mwaka. Muke wangu, Mama Béa, amecheka: tumezaa saba, haraka ya nini? Sikucheka. Nimemuhamishia chumba cha wajukuu.

Ijumaa, tarehe 7
Chisanga amekuja, jirani yangu. Yeye ni ukoo wa samaki, mimi wa mamba. Sisi ni banungwe, watani: kwa mila anaweza kunitukana popote, hata kwa kilio, na mimi marufuku kukasirika. Ameitumia mila yote. Eti nimelala kama mama aliyezaa jana. Lakini saa moja aliyokaa, ameenda nyuma ya nyumba mara tano. Nilimusikiliza. Anasimama, anangoja, anaguna. Matone. Nilikuwa hivyo mwaka muzima mbele ya kupimwa. Yeye sikumuambia; Mama Béa ndiyo nilimusimulia.

Jumamosi, tarehe 8
Mama Béa ameniambia wazi: "Papa Béa, umuambie Chisanga. Atakufa." Nikasema, nikimuambia, kesho soko nzima itajua ninavaa pampas. Akajibu: "Basi utafute suruali nzuri ya kumuzika." Mwanamuke ana mudomo. Ubaya ni kwamba ana haki. Mimi ni muoga. Nimeandika, imeisha.

Jumanne, tarehe 11
Shangazi ya Chisanga amekufa kule Kafutuma. Kwa kilio cha samaki, mamba lazima waje, wachimbe kaburi, wachekeshe watu. Nisipoenda ni aibu ya ukoo. Nimevaa pampas mbili, nimekaa kwenye mukeka karibu asubuhi yote. Nilipoinuka, suruali ilikuwa imeloa mupaka magoti. Halafu Chisanga, kwa sauti ya kuita mutumbwi: "Tazameni! Mamba ametembea na ziwa lake!"
Watu wakavunjika mbavu. Hata wafiwa. Hasira ikanipanda, na mila imeifunga. Basi nikamurudishia palepale. Ndiyo, ninakojoa! Ndiyo, ninavaa pampas! Haikuwa hernia, ni kansa ya prostate, wamenikata, njo maana niko hai. Na weye samaki, unayeguna nyuma ya nyumba yangu mara tano kwa matone matatu, unangoja nini? Unangoja nikuchimbie na weye?
Wakacheka zaidi. Chisanga hakucheka.

Alhamisi, tarehe 13
Wamama wa soko wananiita Papa Pampas. Haya. Wanaume watatu wamekuja, kila mumoja peke yake, kuuliza inaanza namna gani. Wazee wazima, na mivi kichwani, wananong'ona kama wezi wa kuku. Nimewadharau, nimewajibu. Mama Béa amerudi kitandani bila kuniuliza. Ametandika plastiki chini ya shuka, akalala zake.
Chisanga hajakuja. Siku mbili. Nimemukasirikia sana. Uongo. Ninaogopa.

Jumamosi, tarehe 15
Mvua tangu alfajiri. Chisanga alisimama mulangoni, kofia mukononi. Nilimutukana vizuri, yeye, samaki wote, na babu yao. Aliuliza tu wanapima siku gani. Nikamuambia Jumatatu. Akauliza kama nitaenda naye.
Nikasema ndiyo. Tutatoka saa kumi na mbili, foleni isiwe ndefu.