Rosslyn Trethewey, Daktari Asiyekuwa na Daktari

Ni mwaka mmoja sasa, Rosslyn, tangu gari lako litoke getini likivuta karavani, ile nyumba yako ya magurudumu, na binti yako Kerenza akilifuata kwa miguu, mkono kwenye dirisha. "Mama, subiri basi. Upimwe kwanza, ndiyo uende." Hukusimama. Ulimpungia, ukakata kona kwenye maghala ya shayiri. Mimi kaka yako nilibaki uani na kikombe chako cha chai. Hukuwa umekimaliza.

Mimi nimezunguka nchi hii tangu ujana, nikikata kondoo manyoya na kupikia watu wa migodi. Shule niliipitia njiani. Wewe ulikaa mahali pamoja. Nusu ya watu wa Port Carrick walipokelewa na mikono yako. Kipimo cha moyo ulikipasha joto kwapani kabla hakijagusa kifua cha mtoto. Mkulima akija na kikohozi ulimwambia avue soksi, maana ulijua kidonda anachokificha kiko mguuni. Chakula cha mchana ulikila garini, pai ya nyama mkono mmoja, usukani mkono mwingine.

Ulipostaafu tulidhani utapumzika. Ulipaka uzio rangi, ukaupaka tena. Dukani watu walikukunjia mikono ya mashati mbele ya rafu ya maziwa.

"Dokta, hiki kipele?"

"Mwonyeshe Dokta Wijeratne."

"Yule hanijui."

"Atakujuaje na wewe unamkimbia?"

Uliomba mrithi miaka mingi. Waliotangulia walikuja, wakaona wagonjwa wote wako mlangoni kwako, wakafunga mizigo. Huyu Dokta Wijeratne, binti wa Sri Lanka, ulimwogopea kama yai.

Kisha kifua kikaanza kukubana. Ulijua ni nini, umewatibu wengi. Lakini wewe mwenyewe hukuwahi kuwa na daktari. Mji ulikuwa na mmoja, naye ni wewe. Kerenza alikubembeleza mpaka ukakubali, nami nikakupeleka kliniki, tukakaa na wengine kusubiri.

"Afadhali umerudi, Dokta," Bevan Hocking akasema, huku anapandisha mguu wa suruali. "Hebu tazama goti hili kabla yule hajaniita."

"Bevan, leo mimi ni mgonjwa."

Watu wakacheka. "Wewe? Nani sasa wa kukutibu wewe?"

"Funika goti lako. Nimeliona mara nyingi kuliko mkeo."

Bibi Shirley Pascoe hakucheka. Dokta Wijeratne alipofungua mlango na kumwita jina, hakuinuka. "Endelea na wengine, mwanangu," alimwambia. "Mimi namngoja Dokta Ross."

Yule binti akabaki ameshika kitasa. Hapo wewe ukasimama.

"Ingia, Shirley. Mimi nilipita kusalimia tu."

Garini ulikaa muda ukitafuta pumzi. "Nikikaa pale, Clem, hakuna atakayeingia kwake. Ataondoka kama wenzake."

"Na wewe je?"

"Perth hakuna anayenijua. Nitakaa foleni kama mtu yeyote."

"Perth ni mbali, dada, upande wa pili wa nchi."

"Wewe ndiye wa kunihubiria mbali?"

Ukacheka, na kicheko hukukimaliza.

Hukufika Perth. Ulipita mji wa Kimba kidogo ukaegesha kando ya mashamba ya ngano, breki ya mkono umeivuta, taa za tahadhari umeziwasha ili mtu asikugonge. Dereva wa lori la kondoo ndiye aliyekukuta. Moyo, walituambia. Tulikuwa tunajua.

Wapo mjini wanaosema ulikufa vizuri, safarini, kama wastaafu wanavyoombea. Tunawasikia. Hukuwa matembezini, Ross. Ulikuwa unakwenda kwa daktari. Tunakupenda, na hasira haijatutoka, na hatujui tuielekeze wapi.

Bevan amebadilishiwa goti, anatembea. Shirley alifariki majira ya baridi, na Dokta Wijeratne alikuwa kando ya kitanda. Dokta Wijeratne yupo. Amehamia nyumba iliyo nyuma ya kanisa na chumba chake cha kusubiri kinajaa. Kerenza anafundisha Whyalla. Hupiga simu Jumapili, na hazungumzii siku ile. Karavani imerudishwa, iko uani kwako. Nalala humo mimi, na mwaka huu sijakwenda popote.

Unakumbukwa na binti yako Kerenza, mkweo Garth, wajukuu wako Tamsin na Jory, na kaka yako Clem. Maadamu mmoja wetu anapumua, Ross, hutasahaulika.